Mguu Nilioufunga kwa Mikono Yangu

Jumanne asubuhi nilikuwa uani napepeta maharage, jirani akasimama mlangoni bila kubisha na bila kusema amahoro. Akaniambia tu, "Mama, weka chini huo ungo." Mtu akikwambia hivyo, moyo unajua kabla ya masikio. Akasema yule mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, Mkongomani wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, amefia mwaloni. Hakuanguka, alikaa. Alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini pamoja na wenzake wakingoja mashua ziingie. Akatoka majini, akaligeuza beseni lake, akalikalia, akasema pumzi haiji. Wenzake walimlegezea kitenge kiunoni, wakampepea kwa vifuniko vya vikapu. Pikipiki ya kumpeleka hospitali ilipofika, ilikuta mtu wa kumlilia.

Ninyi mnaonisoma kwenye ukurasa huu mmezoea nikigombana na wakwe, na vijana wasiosalimia, na wanaochanganya mawese na maji halafu wanaapa kwa Mungu. Leo sina ugomvi na mtu yeyote. Naandika juu ya mwanamke ambaye hakuwa ndugu yangu wala wa kanisa langu, tuliyejuana kwa sababu yeye alihitaji mafuta ya kukaangia na mimi nilihitaji ndagala. Naandika kwa sababu wiki tatu kabla hajafa niliufunga mguu wake kwa mikono yangu hii, na sijui kama si mimi niliyemuua. Nimeisema. Mwenye kutaka kuacha kusoma aache hapa.

Alikuja kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kivu ya Kusini, katika moja ya zile vita ambazo hata wao wenyewe wamechoka kuzihesabu. Alishuka hapa kwetu Rumonge na mtoto mmoja wa kike na beseni. Alijifunza kuanika ndagala kwenye mchanga wetu, akatushinda sisi tuliozaliwa hapa. Alikuwa na sauti ambayo ukiwa sokoni uliisikia kabla hujaiona meza yake. Siku ya kwanza aliponunua mafuta kwangu aliinama akayanusa, akanitazama usoni, akasema, "Yaya, ninyi Warundi munaongea Kiswahili kama watu wanaomba ruhusa." Nikamjibu, "Na ninyi munaongea kama munagombana na ziwa." Alicheka mpaka akaweka chini chupa yake. Tangu siku hiyo akawa ananiita Yaya, dada mkubwa, na mimi nikamwita mudogo wangu, ingawa tukikaa pamoja hakuna mtu ambaye angesema nani mkubwa.

Ili muelewe habari ya mguu wake, lazima niwaeleze kwanza habari ya mguu wangu. Kuna mwaka niliteleza kwenye mafuta yangu mwenyewe, pale tunapokamulia mawese, nikavunjika mfupa chini ya goti. Daktari akanipasua, akaniwekea chuma. Walipofungua plasta nililitazama paja langu nikalia. Mimi niliyebeba magunia ya ngazi, yale mashada ya michikichi, kutoka Kizuka, paja langu lilikuwa limekwisha, ngozi inaning'inia kama soksi ya mtu mwingine. Nikatumwa kwa kine, ndiye yule anayefundisha viungo kutembea tena. Nilikuta kijana, mtoto wa waliorudi kutoka Tanzania, aliyekulia kambini huko, Kiswahili chake kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Akanisalimu, "Shikamoo, Bibi." Nikasema moyoni, huyu atanibembeleza tu, hatanitibu.

Hakuanza na mguu. Alianza na maswali. Umewahi kuvimba mguu mmoja? Umewahi kuambiwa una donge la damu kwenye mshipa? Tansiyo yako, yaani presha, ikoje? Kuna mtu kwenu aliyekufa ghafla kwa kukosa pumzi? Unavuta tumbaku? Nilimwacha aulize mpaka nikachoka. "Wewe mutoto," nikamwambia, "umekuwa polisi? Muguu iko hapa, muulize yeye." Hakukasirika. Aliushika mguu, akaubonyeza, akaulinganisha na mwenzake, akapima tansiyo kwenye mkono, kisha ndipo akatoa mkanda mpana wenye pampu, ndugu wa ule wa kupimia tansiyo, akaufunga juu kabisa kwenye paja. Niliruka. Kwetu mguu unafungwa namna hiyo mtu akiumwa na nyoka, na wengi wa waliofungwa hivyo niliwazika. Nikamuuliza kama anataka kunikatia damu.

"Sikati, Bibi. Napunguza tu," akasema. Alikuwa na kimashine kidogo alichokiweka kwenye mguu wangu karibu na kifundo, kikawa kinapiga shuu, shuu, shuu. Akasema hiyo ndiyo damu yangu inayopita. Alipampu mpaka sauti ikapotea, akaandika namba, halafu akalegeza sana, sauti ikarudi. "Hapa. Ikizima kabisa nimeharibu. Ikipita yote sijafanya kitu." Akanifunga mfuko wa mchanga wa kilo moja kwenye kifundo, mzigo wa kuchekwa, akaniambia ninyooshe goti mara thelathini, nipumzike kidogo, kumi na tano, nipumzike, kumi na tano, na kumi na tano tena. Nilicheka mpaka ishirini. Baada ya hapo niliita mama yangu. Paja liliwaka kama limepakwa pilipili. Akaniambia maneno ambayo niliyapenda sana, labda niliyapenda kupita kiasi: "Mfupa wako bado hauwezi mzigo mkubwa, na msuli usiposumbuliwa haurudi. Kwa hiyo tunaudanganya. Damu ikipungua kidogo unachoka upesi, unadhani umebeba gunia." Akalegeza mkanda, moto ukatoka, nikakaa natazama mguu wangu kama kitu nilichokiiba.

Nilikwenda asubuhi mbili kila wiki, maana kine yule hupokea watu asubuhi tu. Kila mara alirudia maswali. Kila mara alipima upya. Mimi nilihesabu hayo yote kuwa ni kupoteza wakati kwa msomi. Baada ya miezi miwili paja lilijaa. Jumapili moja niliiacha fimbo nyumbani, nikaingia kanisani na sikupita pembeni. Nilipita katikati, polepole, ili kila mtu aone, nikapiga magoti, nikanyanyuka bila kushika benchi. Mungu anisamehe, siku hiyo sikusikia mahubiri hata neno moja. Wajukuu wangu kumi na mmoja walikuwa mstari mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yao kama mlingoti.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa daktari. Walionitembelea niliwaeleza ule uongo wa msuli, nikawaonyesha paja. Kuna vijana hapa mtaani wanaoinua vyuma, na vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi waliyoyajaza simenti. Siku moja nilipita nikawakuta wamejifunga mikono kwa vipande vya mpira wa baiskeli, mishipa imewatoka, vidole vimekuwa rangi ya zambarau. Nikawauliza nani amewafundisha. Mmoja, anayeniita Koko, yaani bibi, akajibu bila kupumua, "Ni wewe, Koko. Si ndiyo dawa yako?" Wengine wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilikwenda zangu nimefurahi, kwamba bibi wa darasa la nne sasa ana wanafunzi.

Kisha mudogo wangu akaumia. Alikuwa anaruka kutoka kwenye mashua na beseni kichwani, mguu ukakanyaga jiwe lenye utelezi, goti likageuka. Alikaa mwezi mzima juu ya mkeka, mguu umenyooshwa, watu wanampaka majani na mafuta yangu. Aliporudi mwaloni alikuwa anachechemea. Msiojua kazi ile niwaambie: mashua ikiingia asubuhi, mwenye miguu ndiye mwenye samaki. Wanawake wanakimbia ndani ya maji, wa kwanza kushika ukingo wa mashua ndiye anayechagua. Anayefika nyuma anapewa ndagala waliopondeka, wenye mchanga, ambao hata mbwa anawatazama mara mbili. Yeye aliyekuwa wa kwanza miaka yote alikuwa sasa wa mwisho. Wasichana aliowafundisha kuanika walikuwa wanampita wanasema, "Pole, Mama, pisha njia."

Alikuja kwangu mchana mmoja, akaketi kwenye bido, dumu la mafuta nililoligeuza, akanyoosha mguu mbele yangu. "Yaya, nifanyie ile yako."

"Nenda kwa kine."

"Kine anapokea asubuhi. Mashua zinaingia asubuhi. Nikikosa tena wiki hii watanisahau. Wewe unaijua. Nifunge."

Niliugusa mguu. Nawaandikia hili ili mjue niliugusa. Shavu la mguu ule lilikuwa limevimba, linang'aa, na lilikuwa la moto kama kikombe chenye chai. Mguu wa pili ulikuwa mwembamba na baridi ya kawaida. Nikamwambia, "Hii ni kukaa sana. Damu imelala." Wapi niliyatoa maneno hayo sijui. Yalitoka kinywani yamevaa viatu, yanatembea yenyewe.

Sikuwa na mkanda wa pampu. Nilikuwa na mpira. Kila mtu wa barabara hii anajua mpira ninaousema, ule wa ndani ya gurudumu la baiskeli, uliokatwa ukawa kamba ndefu. Tunafungia mabido ya mawese nyuma ya baiskeli, na baiskeli inateremka vilima mpaka Bujumbura bila tone kumwagika. Hakuna anayenishinda kufunga. Mume wangu alikuwa anasema bido nililofunga mimi litafika hata kama baiskeli haikufika. Basi nikamfunga mudogo wangu kama ninavyofunga bido: nikavuta, nikazungusha, nikavuta tena mpaka mpira ukilia ukiupiga kwa kidole.

"Yaya! Unanituma Bujumbura?"

"Nyamaza, uhesabu."

"Nikifika sokoni uwaambie mimi si mafuta, mimi ni mama ya mutu."

Tulicheka wote wawili. Alihesabu kwa sauti ile yake, majirani wakawa wanamjibu namba kutoka nyuma ya ukuta. Alipofika thelathini machozi yalimtoka, akasema, "Ee, inawaka kweli, hii ni dawa." Sikumuuliza kitu hata kimoja. Wala sikuwa na kimashine cha kusikiliza kama damu inapita. Nilimtazama usoni, nikaona anataka, ikanitosha.

Alifanya hivyo kila siku, na siku nyingine akajifunga mwenyewe. Mwanzo alikuja amefurahi, anasema mguu unarudi, kwamba jana alikuwa wa tatu kwenye mashua. Halafu akasema shavu la mguu linamuuma hata akilala. Nikamwambia ndiyo dawa inaingia, hata mimi iliniwaka. Halafu Jumamosi tulipanda pamoja kile kilima kidogo cha kwenda sokoni, akasimama katikati, mkono kifuani. "Pumzi imekuwa fupi, Yaya." Nikamtania, "Umezeeka, kubali." Akasema, "Nizeeke mbele yako? Haitawezekana." Hayo ndiyo ya mwisho tuliyoongea yenye maana. Jumatatu tulipungiana mikono tu.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa kine. Sikuketi. Nikamwambia yote, na mpira niliuweka juu ya meza yake. Aliniuliza, "Ulikuwa umevimba mguu mmoja au yote miwili?" Mmoja. "Ulikuwa wa moto?" Wa moto. Akaiweka kalamu chini. Nilitaka anigombeze. Nilitaka anipigie kelele kama mtu mzima anavyompigia mtoto aliyechoma nyumba, nami nilie, iishe. Hakufanya hivyo. Alisema polepole, "Bibi, mtu aliyekaa mwezi mzima bila kutembea, donge la damu linaweza kujitengeneza kwenye mguu. Linaweza kuwa lilikuwamo kabla hujamgusa. Donge likitoka likapanda kwenye mapafu, mtu anakufa namna ile. Mimi ningemwona nisingemfunga. Ningemtuma kwa daktari siku ileile." Nikamuuliza, "Ni mimi?" Akasema, "Sijui. Hakuna atakayejua." Nikatoka. Nawaambia, heshima aliyonipa kijana yule ilikuwa nzito kuliko kofi.

Sisi watu wa pwani hii tumejifunza karibu kila kitu kwa macho. Sikumaliza shule, lakini niliona wengine wakikamua mawese nikakamua, niliona wakijenga nikajenga, hata kuandika huku kwenu nilijifunza kwa kutazama wanaoandika. Waliokwenda ukimbizini Tanzania walirudi na mbegu na maneno, Wakongomani wakaja na namna zao za samaki, na sisi tulitazama tukaiga, ndiyo maana tunaishi. Siioni aibu hiyo. Ila kwa kine nilitazama mkanda kwa sababu ndio uliokuwa unaonekana. Yale maswali, yale masikio yake kwenye kile kimashine, ile kazi ya kulinganisha mguu na mguu, niliyaona kama kelele za kungojea dawa ianze. Kumbe dawa ilikuwa imeanza pale, na mkanda ulikuwa ni mwisho wake. Vijana wa makopo ya simenti nimekwenda kuwakatia mipira yao kwa kisu. Walinitukana. Sawa tu.

Siku ya matanga waliniomba niseme neno la majirani, kama desturi ilivyo, watu wameshika vinywaji wametulia. Ningeweza kusema vizuri, ninajua kusema. Nilisema sentensi mbili nikakaa, kisha nikamwita binti yake jikoni. Ameolewa Kabonga, mume wake ni mvuvi, ni mwanamke mtulivu asiyefanana na mama yake kwa sauti. Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako mimi ndiye nilimufunga muguu." Akasema anajua. Mama yake alimwambia kwenye simu: yaya wa mafuta ananifunga, ninapona. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali:

"Wewe ulipovunjika, siku za kwenda kwa kine, nani alikuwa anabaki na moto wako wa mafuta?"

Nilikuwa nimesahau. Siwafichi, nilikuwa nimesahau kabisa. Asubuhi mbili kila wiki, miezi miwili, mama yake aliziacha mashua zikapita, akakaa uani kwangu akikoroga mawese yasiungue, ili mimi nikanyooshe goti kwa kine. Sikumwomba. Alikuja tu, akasema, "Nenda, Yaya, samaki hawaishi."

"Ni mama yako," nikasema.

Binti akaitikia kwa kichwa, akachukua sahani, akarudi kwa wageni.

Kwa hiyo somo langu si la mpira, ingawa la mpira nalo mlishike: mguu mmoja ukivimba ukawa wa moto, usiufunge, usiusugue, usiupake kitu, mpeleke mwenye mguu kwa daktari siku hiyohiyo, na pumzi ikiwa fupi mkimbize. Somo langu mimi ni lingine. Alikuja kwangu akaniambia tatizo lake lote kwa maneno matatu, kwamba mashua zinaingia asubuhi. Nilikuwa na beseni nyumbani. Nilikuwa na miguu miwili mizima, mmoja wao aliuponya yeye kwa kukaa na moto wangu. Ningeweza kwenda kusimama ndani ya maji badala yake, nikapigana na wale wasichana, nikamletea samaki hata waliopondeka, naye akawa mbele ya mtu anayejua kuuliza. Nilimpa ushauri na mpira haraka haraka, kwa kuwa havikunigharimu asubuhi hata moja.